Mama yuko mwezini

Bado miguu inaniuma. Jana, siku ya nne ya Ambubachi, sikukuu ya Wahindu ya hedhi ya mungu wa kike Kamakhya, tulipanda kilima cha Nilachal penye hekalu lake, hapa Guwahati, jimbo la Assam, India, mimi na mwenzangu wa chumba, kungali giza. Mvua ya Assam ilinyesha usiku kucha na ngazi za mawe zilikuwa zinateleza.

Ngazi zenyewe zina kisa, akanisimulia huku tunapanda. Narakasura, mfalme jitu, alimtaka Kamakhya awe mkewe. Akaambiwa haya, jenga ngazi toka chini mpaka kileleni kabla jogoo hajawika. Alipokaribia kumaliza, Kamakhya akafanya hila, jogoo akawika kabla ya wakati. Narakasura akamkimbiza jogoo wa watu akamuua kwa hasira, na ngazi zikaishia hapo hapo. Nilimpenda mungu huyu kabla hata sijafika kwake.

Hekalu lililopo lilijengwa upya mwaka 1565 na mfalme Naranarayan, kuba lake la matofali likiwa juu ya mawe ya hekalu la zamani. Ndani hakuna sanamu. Unashuka kwenye pango dogo lenye giza, unakuta mwamba wenye ufa, na chemchemi inaulowesha siku zote. Husimuliwa kwamba mungu wa kike Sati alijitia motoni baada ya baba yake, Daksha, kumdhalilisha mumewe, mungu Shiva. Shiva akabeba maiti yake akazunguka nayo ulimwengu kama aliyerukwa na akili, mpaka mungu Vishnu akaukata mwili ule vipande vipande. Kila kilipoanguka kipande, pakawa patakatifu. Wengi huhesabu mahali 51. Hapa ndipo ulipoangukia uke wake.

Basi kila Juni, mvua zikishika, watu husema Mama, yaani Kamakhya, yuko mwezini. Milango hufungwa siku tatu. Wakulima hawalimi wala hawapandi, maana ardhi nayo imepumzika. Siku ya nne Mama huogeshwa, milango hufunguliwa, na maelfu kwa maelfu wanapanga foleni na maua mekundu mikononi.

Mwenzangu hakupanga foleni. Naye yuko mwezini, na mwanamke aliye mwezini haingii. Tukakaa wote wawili nje ukutani, viatu vimelowa, tunasikiliza kengele. Nilimuuliza kama haoni uchungu, akasema amezoea. Mimi niliona. Nilimkumbuka somo yangu kule Tanga, nilipovunja ungo, alivyoniambia vitambaa nivianike chini ya kanga hata ndugu zangu wa kiume wasivione. Alinifunda kwa mapenzi, najua, lakini aibu ile niliibeba miaka mingi. Na hapa damu ile ile inapigiwa ngoma, watu wametoka Bengal na mbali zaidi kuja kuiheshimu, na msichana aliyenipandisha kilima kizima anabaki mlangoni.

Bibi mmoja akatoka ndani na kipande cha kitambaa chekundu, kile kinachosemwa kilifunika mwamba siku zile tatu. Alituona tumekaa, akakichana katikati, akamnyoshea mwenzangu nusu. Mwenzangu akarudisha mikono nyuma, akaniashiria nikipokee mimi.

Kitambaa kiko kwenye mkoba wangu, nimekifunga ndani ya leso safi. Nitampa keshokutwa, akishatwaharika.