Petro aliambiwa neno moja tu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama Mathayo 14, pale Petro anaomba aende kwa Yesu juu ya maji. Siku zote nilikuwa nakimbilia upepo na kuzama, safari hii nimenasa kwenye jibu la Bwana: "Njoo." Basi. Hakumwambia weka mguu hivi, angalia wimbi lile, usirudie ya juzi.

Limenichoma kwa sababu Jumamosi nilikuwa pembeni ya uwanja napiga kelele. Mwanangu ana ADHD, wengi mnajua, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kutulia na kukazia akili jambo moja. "Rudi nyuma, mkabe huyo, angalia mpira, we unaangalia wapi!" yote kwa pumzi moja, kocha naye ana yake, wazazi wengine nao wana yao, mtoto akasimama katikati ya uwanja ananitazama mimi, mpira ukampita, goli. Tukafungwa hilo hilo moja. Kwenye gari nikaendeleza mahubiri.

Na mimi ndo niliyemfuata kocha mwanzo wa msimu nikamweleza kuwa huyu sio mkaidi, maagizo mengi kwa mpigo hayakai kichwani, mwambie jambo moja ukimwangalia usoni halafu mwambie alirudie. Kocha kashika kweli. Akiwa benchi anampa kazi ya kuhesabu mara ngapi winga wa wenzao anapita kulia, maana kukaa bure ndo kunamponza. Golini walimtoa, kule unaweza kusubiri mpira mpaka akili ihamie kwa ndege, sasa ni kiungo, anakimbia mechi nzima na usiku analala vizuri.

Kuna mpendwa aliniambia tuache dawa tuombe tu. Mi naomba na dawa anakunywa, na saa za kunywa sibadilishi kisa mechi bila kumuuliza daktari. Simone Biles, yule mwanajimnastiki wa Marekani, na dhahabu zake zote za Olimpiki alisema wazi mwaka 2016 kwamba ana ADHD na anatumia dawa tangu utotoni, akaongeza kuwa sio jambo la kuonea aibu. Ila wenye watoto wanaopanda ngazi za juu mjue baadhi ya dawa hizi zimezuiwa siku ya mashindano mpaka uwe na kibali cha matibabu, ulizieni mapema.

Turudi kwa Petro. Sisemi alikuwa na ADHD, tusimpime mtume wa watu, lakini huyu ndo alichomoa upanga akakata sikio, huyu ndo alijitupa baharini wenzake wakija na mashua. Baada ya kumkana Bwana mara tatu, Yohana 21 inasema alimkuta Bwana ufuoni, na moto, samaki na mkate. Wamekula kwanza, maswali ya Bwana baadaye, tena swali moja moja. Na alipogeuka kumtazama mwenzake, "huyu je?", akarudishwa kwenye neno aliloambiwa punde tu, nifuate.

Kwa hiyo Jumatano baada ya mazoezi nikafunga mdomo. Njia nzima kimya, tumefika, amekula, sahani imeisha ndo akaanza mwenyewe habari ya lile goli. Kumbe katika kelele zangu zote alisikia "rudi" peke yake, akadhani namwita atoke uwanjani.

Jumamosi ana mechi tena. Mniombee.