Chui Naye Yumo

Babangu alipofariki, nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ilibaki na mama, mimi na mdogo wangu wa miaka tisa. Na Chui, paka mwenye milia aliyeokotwa na baba nje ya soko la samaki, mdogo hata maziwa hajui kuramba.

Eda ilipokwisha, mimi na mama tukawa hatusemezani. Chanzo chake sikikumbuki. Nakumbuka tulivyokuwa tukipashana habari. "Chui, mwambie dadako chai inapoa." Nami: "Chui, mwambie mama nimeshiba." Miezi mizima.

Mshauri wa kwanza tuliyemwendea alimpa mdogo wangu karatasi achore familia. Akamchora Chui katikati, mkubwa kuliko sisi sote. Akaambiwa afute, achore watu tu. Mtoto akaweka penseli chini, na siku ile hakusema tena. Hadi leo hilo linaniuma.

Wa pili, mama mtu mzima, alichora mwenyewe: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mkasi wa mistari juu ya mraba wa baba, maana amefariki. Kisha akauliza, "Na mnyama, mnaye?" Akachora umbo la kashata. Hakulibuni yeye, ndiyo alama ya mnyama wa nyumbani katika michoro ya ukoo ya washauri wa familia. Chui anamfuata nani? Akichelewa kurudi, nani humtafuta? Hulala wapi?

"Kwenye mswala wa baba," mdogo wangu akajibu. Mimi na mama hatukuwa tukijua kwamba huutandika kila usiku.

Swali lile la mnyama naona lafaa kuulizwa siku ya kwanza, hata kwa wenye kuku mmoja waliyempa jina.

Mshauri alitueleza habari za Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, aliyefundisha kwamba wawili wakielemewa na mvutano baina yao humvuta wa tatu. Mara nyingi huwa mtoto. Kwetu alikuwa paka.

Mama akasema taratibu, "Mtume kasema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka." Mshauri akaitikia, kisha akamwomba aniambie mimi lile ambalo angemwambia Chui.

Mama alikaa kimya sana. Akanigeukia.

"Mwanangu, chai nakuwekea kila siku. Mbona huinywi?"