Ukurasa wa 61

Simu iliita saa mbili usiku, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Namba siijui. Aliyepiga alianza kwa kunisalimu kwa Kinyamwezi, salamu ndefu ya watu wazima, ya mimi na mke wangu na watoto na mvua, ndipo akauliza kama anaongea na mwandishi wa kile kitabu cha nyuki. Nikamwambia ndiye mimi.

"Mwalimu, mimi ni fundi seremala huku Sikonge. Nina jambo kuhusu ukurasa wa 61. Lakini si la kwenye simu. Kesho nakuja mjini."

Usiku ule nilifungua ukurasa wa 61 nikausoma mara tatu. Sikuona kitu.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu vijana wawili wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, kama ningewashauri wajichapishie vitabu vyao. Wote niliwajibu juu juu, tumesimama barabarani chini ya miembe, na nimerudi nyumbani nikiona nimewapunja.

Mimi nimezaliwa Sikonge, baba yangu mrina asali. Nafundisha shule ya msingi hapa Tabora mjini, nakaa Ng'ambo, na mizinga yangu ipo msituni kwetu. Kitabu nilikiandika kwa sababu moja. Mzinga wa gome, ule wa wazee wetu, unagharimu mti. Ukishauchuna mti gome kuuzunguka, umeuua, na mara nyingi mti wenyewe ni miombo ile ile ambayo nyuki wanaitegemea kwa maua. Nilitaka mtu wa kijijini, mwenye msumeno na mbao chache, aweze kusoma na kutengeneza mzinga wa viunzi, yaani sanduku lenye vipande vya mbao juu ambavyo nyuki hutundikia masega, bila kusubiri semina. Nilitaka kiwe Kiswahili chepesi, chenye michoro, cha kuingia kwenye mfuko wa koti.

Mswada niliupeleka kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Ulikaa kwake miaka miwili na miezi mitatu. Jibu lilipokuja lilikuwa la adabu: kitabu kizuri, ila hakiingii kwenye vitabu vya shule, na kisichoingia shuleni hakina soko. Sikumchukia. Wachapishaji wetu wengi wameishi kwa vitabu vya shule, na tangu vile vya kiada virudishwe kwa Taasisi ya Elimu, naelewa kwa nini mtu anaogopa kutia fedha kwenye nyuki. Lakini miaka miwili ni mingi.

Kuna jambo jingine lililonisukuma, nalo ni la moyoni. Kitabu cha kwanza kukishika maishani mwangu kilikuwa kitabu cha sala cha mama. Nilipojua kusoma nikakuta kwenye kurasa za mwanzo: TMP Book Department, Tabora. Kilitoka kwenye mitambo ya wamisionari, Kipalapala, nje kidogo ya mji huu. Sikuwa najua kwamba kitabu kinaweza kutoka kwetu. Nilidhani vitabu vyote vinatoka Dar au Ulaya, kama dawa. Kwa hiyo nilipopata ISBN yangu, namba ya utambulisho wa kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, zile tarakimu 13 zinazoanza na 978, na mpangaji wa kurasa akaniuliza mahali pa uchapishaji aandike wapi, nilimwambia andika Tabora. Uchapaji ulifanyika Dar, lakini mchapishaji ni mimi, na mimi niko Tabora. Sijutii neno lile hata leo.

Fedha zilitoka hivi. Niliuza ndoo 11 za asali, za lita 20, kila moja 150,000, nikapata 1,650,000. Nikakopa milioni moja SACCOS ya walimu. Nakala 500 za kurasa 128 zilinigharimu 2,600,000. Wengine huniuliza kwa nini 128. Karatasi kubwa inayopita kwenye mtambo hukunjwa ikawa kurasa 16, kwa hiyo kitabu kinapendeza kikigawanyika kwa 16. Ukiwa na 131 unalipia karatasi ambayo msomaji haioni. Nilifuta shairi na shukrani za kurasa mbili ili nifike 128, na mke wangu hajasahau kwamba jina lake lilikuwa kwenye zile shukrani.

Nilichapa mwaka 2019. Maboksi yalikuja kwa basi, nikayapokea stendi alfajiri, nikafungua moja pale pale juu ya mkokoteni. Harufu ya gundi na wino. Nilisimama nikinusa kitabu mpaka mwenye mkokoteni akaniuliza kama kuna kasoro.

Bei niliweka 12,000. Maduka ya vitabu yanachukua kwa mali kauli: unawaachia mzigo, wanakulipa kikiuzika, na wanakata asilimia 30. Duka likikata 3,600, napata 8,400. Nikitoa gharama ya kuchapa inabaki 3,200, na hapo sijatoa nauli ya kupeleka wala ya kufuata fedha. Duka moja nimelifuata mara tano kwa nakala sita. Kwa hiyo nakala nyingi niliuza mwenyewe, mnadani, kwenye mikutano ya vijiji, kwa wanafunzi wa chuo cha nyuki, baada ya misa. Kikundi cha akina mama wa Kaliua kilichukua nakala 25 kwa mpigo, na kwa kuwa hawakuwa na fedha taslimu walinilipa ndoo mbili za asali. Niliporudi na zile ndoo kwenye basi nilijisikia kama mtu aliyeoa. Kitabu kilichotoka kwenye asali kilikuwa kimerudi kuwa asali.

Na kila niliyemuuzia mkononi niliandika jina na namba yake kwenye daftari. Sikuwa na sababu kubwa. Mwalimu amezoea kuita majina.

Sasa fundi.

Alifika saa nne asubuhi, mzee wa miaka sitini na zaidi, na kiroba mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa chai kwanza. Akatoa kitabu changu, kimechakaa vizuri, kina alama za penseli ya seremala. Kisha akatoa kipande cha mzinga: viunzi vitatu vilivyoshikamana, na sega moja limepita juu ya vyote vitatu kwa mshazari.

"Mwalimu," alisema, "nimekuletea kitabu chako kilivyo kikiwa mbao."

Akafungua ukurasa wa 61, akaweka kidole. *Upana wa kila kiunzi uwe milimita 23.*

Kwa wasiofuga nitaeleza. Nyuki wetu wa Afrika hupanga masega yake kwa nafasi isiyobadilika. Kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine ni milimita 32 hivi. Ukikata kiunzi cha upana huo, kila sega linaning'inia kwenye kiunzi chake, na siku ya kurina unainua kimoja kimoja, unakagua, unarudisha. Ukikata chembamba, nyuki hawakufuati wewe, wanafuata kipimo chao. Sega la kwanza linakaa sawa, la pili linasogea, la tatu limekwisha panda kiunzi cha jirani. Ukiinua kimoja, unang'oa vitatu.

Mzee alikuwa ametengeneza mizinga sita, kila mmoja na viunzi 40 badala ya 28. Alishangaa wingi wa viunzi, akasema, lakini kitabu kimesema. Mizinga minne iliingia nyuki. Siku ya kurina alipoinua, masega yalikatika, asali na majana, watoto wa nyuki, vikamwagika chini, nyuki wakamgeukia yeye na mjukuu wake. Makundi mawili yalihama.

Nilikwenda kwenye kabati nikatoa daftari langu la mwanzo, lile la kalamu. Mle niliandika 32. Kwenye kompyuta, nikichapa usiku, vidole vikageuza. Mpangaji wa kurasa alipanga alichopewa. Nilikuwa nimepitia kitabu kizima mara saba, na mara zote saba macho yangu yalisoma 32, kwa sababu kichwa kilijua ni 32. Hakukuwa na mhariri. Nilisema mhariri ni gharama.

Hili ndilo zito kuliko mengine yote katika kujichapishia, na vijana wale wawili sikuwaambia. Mkopo wa SACCOS niliulipa kwa miezi 14, ukaisha. Maduka yasiyolipa unayazoea. Lakini mtu aliyekuamini akakata mbao zake kwa neno lako, na neno ni la uongo, na hakuna mwingine yeyote ambaye jambo hilo limepitia mikononi mwake, hilo halina pa kulipeleka.

Nilimwomba mzee radhi. Nikamwambia nitamlipa. Alikataa fedha, akataka mbao, na akataka niende mwenyewe. Jumamosi nilipanda gari na mbao za kutosha viunzi 168, tukashinda uani kwake tukipasua na kupiga randa, mjukuu akipima kwa futikamba kila kimoja. Jioni ndipo alipokunywa chai na mimi.

Niliporudi nilihesabu. Nakala 188 zilikuwa zimeuzwa, 312 zilikuwa bado, nyingine ndani kwangu na nyingine madukani. Nilichapisha vipande vya masahihisho, kumi kwenye karatasi moja ya A4, mke wangu akapika gundi ya unga wa muhogo kwenye sufuria ndogo, na kwa siku nne za likizo mimi, yeye na binti yetu tulikaa mkekani tukibandika. Binti anafungua ukurasa wa 61, mama anapaka gundi kwa kijiti, mimi naweka kipande na kukandamiza kwa kitambaa. Za madukani nilizifuata kwa miguu. Mkekani hapo ndipo mke wangu alipouliza kama toleo la pili litakuwa na kurasa 144.

Wenye zile 188, wale niliokuwa na namba zao, niliwapigia simu. Hapo daftari la majina likawa na kazi. Nilipata watu 131. Nilitarajia matusi. Wengi walishangaa tu kwamba mwandishi amepiga. Mama mmoja wa Urambo aliniambia hajafika ukurasa wa 61, yuko kwenye sura ya mimea, na kwamba nimeusahau mti fulani ambao kwao nyuki wanaufuata kuliko mti wa mtundu. Tukaongea nusu saa. Mwingine akanisahihisha jinsi nilivyoeleza kutundika mzinga penye nyegere. Niliandika yote. Nilianza kupiga simu nikiwa na aibu, nikamaliza nikiwa na kurasa tisa za maelezo kutoka kwa watu wanaojua msitu kuliko mimi. Hakuna malipo niliyowahi kupata kwenye kitabu hiki yanayofika zile kurasa tisa.

Nilidhani nimemaliza. Mwaka 2021 nikaalikwa kuzungumza na wafugaji wilaya ya jirani. Nilipoingia ukumbini moyo ulinirukia kwa furaha, kitabu changu kilikuwa mezani mbele ya watu wengi. Nilipokaribia nikaona ni kopi, zimetolewa kwenye mashine, zimebanwa kwa plastiki pembeni, jalada jeusi na jeupe. Nilihesabu 17. Kwa bei yangu ni 204,000, zaidi ya ndoo moja ya asali. Najua Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inasemaje: kazi hii ni yangu maisha yangu yote na miaka 50 baada ya mimi kufa. Niliumia, na siwezi kusema vinginevyo. Kutoa kopi kitabu cha mtu ni kurina mzinga ambao hukuutundika.

Lakini kilichonitoa jasho kilikuwa kingine. Kopi zile zilitolewa kwenye nakala ya mwanzo. Hazikuwa na kipande cha muhogo. Zote 17 zilikuwa zinasema 23, na mwenye mashine anaweza kuwa ametoa nyingine 100 ambazo sitaziona kamwe, ambazo hazina jina kwenye daftari langu.

Nilipopewa nafasi, kabla hata ya salamu za itifaki, nikawaomba wote wafungue ukurasa wa 61 na washike kalamu. Tulisahihisha pamoja, wenye vitabu na wenye kopi. Kisha nikasema la kopi, waziwazi, na ukumbi ulikuwa kimya. Watu wawili walikuja mwishoni kunilipa. Wengine waliangalia chini.

Toleo la pili lilitoka mwaka 2023. Nilimlipa mhariri 250,000. Na kila tarakimu, kila kipimo, tulikipitia uani kwa fundi wa Sikonge: mimi nasoma kwa sauti, yeye anapima kwenye mzinga halisi, mjukuu anatia alama. Siku mbili. Alikamata kosa jingine, la kimo cha mguu wa mzinga, ambalo mhariri hangeweza kulijua. Lina kurasa 144, mti wa mama wa Urambo umo, shukrani zimo, na nyuma ya ukurasa wa kichwa bado pameandikwa Tabora. Bei ni 15,000.

Kama unayo nakala ya 2019 na sikukupata kwa simu, fungua ukurasa wa 61, aya ya pili, mstari wa nne. Penye 23 kata, andika 32. Kama ulicho nacho ni kopi, fanya hivyo hivyo, na umwambie aliyekupa naye afanye. Kama umeshakata viunzi, usivitupe, na usiingize nyuki. Nipigie kwanza. Namba ni ile ile ya nyuma ya jalada.