Siku moja maishani mwangu: nachora sura (skrini na vitufe) ya programu ya redio ya kompyuta

Saa mbili asubuhi kidude cha USB cha kunasa mawimbi ya redio kishachomekwa, antena iko dirishani, na kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu nasikiliza kwanza. Hivi vidude vya chipu ya RTL2832U vilitengenezwa vya kutazamia tivii, 2012 ndo ikajulikana sana kwamba vinatoa sampuli ghafi za mawimbi, yaani vipimo vya wimbi lenyewe kabla halijageuzwa sauti au picha, basi kompyuta ya kawaida ikawa redio na vile vifundo vyote vya kuzungusha vikahamia kwenye skrini.

Saa tatu naingia kwenye maporomoko, yaani ile picha ya rangi inayoshuka mstari kwa mstari kuonyesha nani yuko hewani. Hapa ndo penye utamu wa kazi. Sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, FFT (hesabu inayogawa mawimbi kwa masafa yake) ya pointi 4096, kila pointi inabeba karibu Hz 586, kwa steshini ya FM inayokula kHz 200 hiyo inatosha kabisa, lakini mtu wa morse, anayetuma herufi kwa milio mifupi na mirefu, ishara yake nzima inajificha ndani ya pointi moja. Kwa hiyo mtu akizumu usimkuzie picha tu, chuja kipande anachotaka, punguza sampuli ziwe elfu 48, piga FFT upya, sasa kila pointi ni Hz 12 hivi na nukta na vistari vya morse vinaonekana kwa macho. Programu nyingi zinakuza picha tu na inaniuma kweli.

Saa tano rangi. Nimeitoa ile ya upinde wa mvua, njano yake inaruka mbele mpaka unaona ishara pasipo na ishara. Nimeweka inayopanda taratibu kutoka giza kwenda mwanga, hata asiyetofautisha nyekundu na kijani anaisoma.

Mchana nakula haraka narudi.

Saa nane namba za masafa, weka mausi juu ya tarakimu yoyote zungusha gurudumu inapanda, 99.9 inakuwa 100.0 yenyewe. Pia ukiingia MHz 118 mpaka 137 programu ichague AM bila kuuliza, maana marubani wanaongea kwa AM na mgeni akibaki kwenye FM atasikia makelele tu akate tamaa.

Saa kumi sauti. Nimeitenga na uchoraji, hata uburute dirisha namna gani isikatike.

Jioni anajaribu jamaa asiyeona, anatumia programu ya kusoma skrini, na kwake maporomoko hayana kazi. Tukakaa naye mpaka usiku tukaweka kitufe kimoja: ukibonyeza inaruka kwenye ishara inayofuata iliyozidi makelele kwa dB 10 (desibeli, kipimo cha nguvu ya ishara), inamtajia masafa, na redio inashusha sauti yake wakati anatajiwa.