Karoti Moja ya Lushoto

Basi liliondoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, na njia yote mpaka Mombo sina la kusimulia. Mwili ulijua umesafiri tulipoanza kupanda: kilomita 30 na ushee za kona, mwamba huku, korongo kule. Mama alifumba macho mpaka Soni.

Nilikuwa nimemwahidi mlo wa jioni kwenye nyumba moja ndogo ya mawe, ya tangu enzi Wajerumani wakiuita mji huu Wilhelmstal. Meza sita tu, maua dirishani, moto wa kuni unawaka. Na moto ulihitajika, maana Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari na Julai huko ni baridi ya kweli. Lakini viti vilikuwa mbao tupu bila mto, na bei ni shilingi 85,000 kwa kichwa, kahawa mbali. Nauli yetu sote wawili haikufika hapo. Iliniuma.

Ikaja sahani ya kwanza. Karoti moja. Imechomwa nzima na ganda lake, vijani vichache vimeachwa kichwani, inang'aa siagi, imelazwa juu ya jibini laini na korosho zilizopondwa. Harufu ya binzari nyembamba ilitangulia mezani.

"Mwanangu," Mama akamuuliza kijana aliyetuhudumia, "nyingine zinakuja?"

"Ni hiyo tu, mama. Baadaye inafuata supu."

Akakata kipande, akala, akafumba macho mara ya pili siku ile. "Hii imeng'olewa leo," akasema. Mimi sijawahi kula karoti tamu vile, na nimelelewa kwa karoti.

Mama mdogo analima karoti Mlalo hadi leo. Tangu utotoni nasikia habari za lumbesa: dalali anakuja na lori na magunia yake, gunia linajazwa mpaka pomoni, kisha linavikwa kilemba juu na kushonewa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria inataka mizani. Shambani mizani haionekani, na karoti hazisubiri. Mama mdogo amesomesha watoto wanne kwa magunia yale, na kila msimu sehemu ya jasho lake imekwenda bure kwenye kile kilemba. Nikikumbuka hilo hasira hunishika, na pale mezani ilinishika.

Mpishi, mwanamke wa makamo, alipopita kusalimia wageni, Mama hakumsifia chakula kwanza.

"Dada, karoti hizi mnanunuaje?"

"Kwa kilo, mama. Mizani iko jikoni. Mkulima anasoma mwenyewe."

Mama akaomba kuiona. Wakaingia jikoni wote wawili, wakakaa huko muda mrefu. Supu yake ikapoa, kuku akaja, yakaja mapeasi yaliyopikwa kwa asali. Mlangoni nilimwona amesimama mbele ya mizani ya kuning'iniza, ameshika ile ndoano, anamsikiliza mpishi.

Nilipomaliza kulipa sikumkuta mezani. Alikuwa nje kwenye ukungu, khanga kichwani, simu sikioni, anaongea kwa sauti ya kusikika bonde zima.

"Andika namba hii. Kwa kilo, mdogo wangu. Nisikilize: kwa kilo."