Modemu moja, kompyuta sita

Mwaka 2001 ofisi yetu ya Ngara, Nairobi, ilikuwa na kompyuta sita na laini moja ya simu, nayo ilipitia swichibodi ya jengo, mtambo wa kugawa simu za ndani na za nje. Mzee, bosi wetu, alitaka sote tupate barua pepe bila bili kumlemea. Nikaamua modemu, kifaa cha kupeleka data kwa laini ya simu, ikae kwenye seva, kompyuta moja yenye mfumo wa Linux, na kompyuta nyingine zipitie humo.

Nilianza na modemu ya ndani, kadi ya bei nafuu, ikanipotezea siku mbili. Kadi za aina ile huiachia programu ya Windows sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo Linux haikuwa na la kufanya nayo. Nikashuka Luthuli Avenue nikanunua ya nje, US Robotics ya 56K, nikaichomeka kwenye ttyS0, jina ambalo Linux huliita tundu la kwanza la serial. Nilipoandika AT, amri ya kuiita modemu, ikajibu OK papo hapo.

Lakini kila ikipiga, jibu lilikuwa NO DIALTONE, yaani hakuna mlio wa laini. Nikachomeka simu ya mezani kwenye waya uleule: mlio upo, nausikia kwa masikio yangu! Kumbe swichibodi ilitoa mlio wa kukatika-katika, na modemu ilikuwa ikisubiri ule mrefu wa laini ya nje. Dawa ikawa ATX3, amri ya kuifanya ipige bila kusubiri mlio. Kisha ATDT9, amri ya kupiga 9 ili kutokea nje, alama ya mkato (,) ya kuituliza sekunde mbili, ndipo namba ya mtoa huduma. Spika ikalia, ikakoroma, ikanyamaza: CONNECT 31200, imeunganika kwa biti 31,200 kwa sekunde. Karani akasimama kunitazama nikipiga makofi peke yangu.

Yaliyobaki yalikwenda upesi: ip_forward ikawa 1 ili seva ipitishe data za wengine, ipchains, kichujio cha mtandao cha Linux, ikapewa kanuni ya MASQ ili kompyuta zote zitoke kwa anwani moja, na pppd, programu ya kuunganisha kwa simu, ikawekewa demand ili ipige anapohitaji mtu, na idle 300 ili ikate laini ikikaa dakika tano bila kazi.

Bili ilipokuja, Mzee akaniita. "Kijana, nani yuko ofisini saa nane usiku?" Hakuwepo mtu. Kompyuta za Windows zilizoachwa zikiwaka zilikuwa zikiulizia majina ya wenzao, maswali yakielekea nje, na kila swali likaiamsha modemu. Nikaweka kanuni ya kuzuia poti 137 hadi 139, milango ambayo maswali hayo hupitia, juu ya ile ya MASQ ili isomwe kwanza.

Asubuhi yake nikafungua /var/log/messages, faili la kumbukumbu za seva. Simu ya mwisho ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni. Iliyofuata, saa mbili asubuhi, karani alipofungua barua zake.