Madume 20 ya Smygehuk

Kazini nasoma vinasaba vya mimea. Nyoka simgusi hata akiwa mfu ndani ya chupa ya spiriti. Lakini kila nikisikia mtu anasifia "damu safi", namtaja nyoka: kipiri wa Ulaya, Vipera berus.

Huyu ni msafiri hasa. Hakuna nyoka mwingine aliyefika kaskazini kumzidi; Skandinavia ameingia hadi ndani ya Aktiki, na mashariki anapatikana kisiwa cha Sakhalin, Urusi. Inamsaidia kwamba hatagi mayai ya kuachwa kwenye udongo baridi. Jike hutembea na watoto tumboni na kuwaotesha jua.

Enzi ya barafu ilipofika kileleni, miaka 20,000 hivi iliyopita, Sweden yote ilikuwa imefunikwa. Vipiri waliokuwa wamejibanza kwingine ndio waliopanda kaskazini ilipoyeyuka. DNA ya mitokondria, ile ya kurithi kwa mama, bado inaonyesha koo zao: wa Italia, wa milima ya Karpati, na wa kaskazini ulioenea eneo kubwa mno huku tofauti ndani yake zikiwa haba. Ndivyo inavyokuwa wachache wakitangulia na kuijaza nchi haraka. Uingereza waliwahi kabla bahari haijafunga njia, Ireland hawakuwahi. (Hekaya ya kwamba Mtakatifu Patriki aliwafukuza nyoka Ireland inamsifu kwa nyoka ambao hawakuwepo.)

Hapo mwenzangu maabara hunikatiza: kumbe uhaba wa tofauti za vinasaba hauui! Hauui, mradi jirani ana jirani, na dume la huku linaweza kufika kule. Smygehuk, kusini kabisa mwa Sweden, hilo halikuwezekana. Vipiri walibanwa kwenye ukanda mwembamba wa majani, bahari upande huu, mashamba upande ule, wakaoana ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi. Mtafiti Thomas Madsen na wenzake, waliowafuatilia tangu miaka ya 1980, wakaona watoto wengi wanazaliwa wafu au na ulemavu, na idadi ya wakubwa inashuka.

Mwaka 1992 wakaleta madume 20 kutoka mahali pengine penye vipiri wengi. Baada ya misimu minne ya kupandana, waliokamatika wakiwa hai, 8, wakarudishwa kwao. Uamuzi huo naupenda: wageni waliondoka, vinasaba vyao vikabaki.

Ila hesabu haikupanda upesi. Kipiri mchanga huchukua miaka kadhaa kukomaa, na kabla ya hapo ni shida kumwona. Mfadhili asiye na subira angeufunga mradi mwaka 1995 na kuandika kwamba umeshindwa. Kufikia 1999, madume wapya walioingia utu uzima walikuwa 32, wengi kuliko mwaka wowote tangu utafiti uanze.

Mwenzangu hajaridhika. Anasema hao sasa si vipiri halisi wa Smygehuk. Mimi namuuliza, halisi tangu lini? Kutengwa kwao kulitokana na jembe la mkulima, jambo la juzi tu ukilinganisha na safari yote ile. Leo Uingereza nako vipiri wengi wamebaki vikundi vidogo vilivyokatwa na barabara na mashamba, na ningekuwa na sauti huko, ningependekeza mifuko michache ya madume ianze kusafirishwa kabla watoto wafu hawajaanza kuonekana.